Galgota za Ukutani

Nidhi alikuwa mwepesi wa kinyaa tangu utotoni, na miaka sitini na miwili ya kuishi haikumpunguzia hata chembe. Unywele mmoja kwenye sabuni ulimharibia siku nzima. Kijiko kilichorambwa kikarudishwa kwenye achari kilimfanya aitupe achari yote, chupa na kifuniko chake. Milango ya maduka kule Westlands aliisukuma kwa kiwiko. Mumewe, enzi za uhai wake, alikuwa akimtania kwamba siku atakapofika mbinguni atasimama kwanza mlangoni aulize nani amepiga deki.

Kitu pekee ambacho hakikumkunja pua kilikuwa bustani. Udongo si uchafu, alikuwa akisema. Uchafu ni watu. Na bustani yenyewe ilikuwa na heshima zake, kwa maana iliizidi ndoa yake umri. Ilikuwa mbele ya bangalo la vigae katika mtaa wa Lavington, nyumba aliyoingia akiwa bi harusi wa miaka ishirini na mitatu, akapokelewa mlangoni na mama mkwe wake, ambaye ukoo mzima ulimwita Ba.

Ba alikuwa na sharti: harusi ya mtu wa nyumba hii huvikwa maua ya nyumba hii. Si ya sokoni, wala ya wale wauzaji wanaopanga ndoo kando ya barabara. Maua yenyewe ni yale ya rangi ya chungwa, mazito, yenye mikunjo mingi, ambayo kwao huitwa galgota. Kila mwaka Ba alikausha vichwa vichache, akahifadhi mbegu katika mkebe wa biskuti, na kila aliyeoa au kuolewa kutoka nyumba hiyo alivishwa shada lililotoka kwenye mkebe ule. Nidhi mwenyewe alivishwa hilo. Binti yake pia. Ba alipofariki, Nidhi aliachiwa funguo za makabati na mkebe wa biskuti, na yeye akauona mkebe kuwa ndio urithi hasa.

Mwaka huu mkebe ulikuwa na kazi yake ya mwisho. Neel, kitinda mimba, alikuwa anamwoa Simran Jumamosi ya mwisho ya Februari, katika ukumbi wa hekalu lao Westlands. Baada ya Neel hapakuwa na mwingine wa kuvishwa. Nidhi aliahidi mashada arobaini, na juu yake mawili makubwa ya bwana na bibi harusi. Aliwaahidi wakwe, akawaahidi mashangazi wa pande zote mbili, akaiahidi na picha ya Ba iliyotundikwa ukumbini mwa nyumba. Ikiwa kulikuwa na jambo moja alilotaka duniani kabla hajafa, ndilo hilo: harusi ya mwisho isije ikavishwa maua ya dukani.

Kulikuwa na sharti la pili, nalo ndilo lililoleta balaa. Maua ya harusi kwanza hutolewa kwa Mungu, na maua ya Mungu hayanuswi. Ukiyanusa umeyaonja kabla yake, na huwezi kumpa Mungu kitu ulichokwisha kukionja. Kwa hiyo Nidhi alipokwenda kuyatazama au kuyachuma alivuta pumzi akiwa mbali, akaifungia kifuani, akafanya alilolifanya, kisha akarudi nyuma hatua tano kupumua. Mtunza bustani wake naye alifundishwa hivyo hivyo, na Ba mwenyewe, kwa ukali.

Mtunza bustani huyo ni Mulwa, mtu wa Kitui, mfupi, mwenye mvi za kidevuni. Alikuwa ametimiza miaka ishirini na saba katika nyumba ile. Mkewe, Nzisa, alikuwa nyumbani Kitui, na yeye alilala katika chumba cha nyuma. Saa nne kila asubuhi alipewa chai yake mlangoni pa jikoni, katika kikombe chake cha bati, cha buluu, kilichobanduka ukingoni. Kikombe hicho kilining'inia kwenye msumari nje ya mlango na hakikuwahi kuingia ndani. Nidhi alipomimina chai aliinua birika juu, mdomo wake usije ukagusa ukingo wa bati. Hakuna aliyewahi kulizungumza jambo hilo, na Nidhi angeapa kwamba hajawahi kumdharau Mulwa hata siku moja.

Basi kiangazi cha mwaka huo kilikuwa cha kuudhi. Mvua za vuli zilikatika mapema, na Januari jua lilianza kuchoma tangu saa mbili asubuhi. Mfereji ulitoa maji mara mbili kwa wiki, tena kwa kukohoa kwanza. Petunia zilinyauka zikalala juu ya vyungu. Zinia zilitoa maua yenye madoa ya kahawia. Safu ya galgota ya karibu na geti, ambayo Nidhi aliipanda ili mgeni aione kwanza, ilitoa vijiti na vitumba vidogo vilivyokosa nguvu ya kufunguka.

Lakini safu ya ukutani! Ukuta huo ulitenganisha bangalo na jengo jipya la nyumba za kupanga, ghorofa kumi na nne, lililosimama mahali ambapo zamani palikuwa na bangalo jingine. Hapo chini ya ukuta galgota zilikuwa zimenenepa hadi kumfika Mulwa kiunoni. Majani yalikuwa na kijani kizito, na kila ua lilikuwa kubwa kuliko ngumi ya mtoto. Udongo wa pale ulikuwa na unyevu hata siku ambazo mfereji haukutoa tone. Nidhi aliliona hilo. Angeweza kujiuliza, lakini aliamua kufurahi. Alisema ni Ba anayenyweshea kutoka huko aliko, na baada ya kulisema mara tatu akaliamini.

"Hizi za getini ng'oa," alimwambia Mulwa asubuhi moja ya mwisho wa Januari. "Zinanitia kinyaa. Wageni wakiingia waanze kuona wagonjwa?"

"Zitatoka, Mama Neel. Zinataka maji kidogo tu."

"Maji gani? Ng'oa."

"Basi wacha nipande huko nyuma kwa mikebe."

"Fanya unachotaka, mradi mimi nisizione."

Mulwa alikuna kidevu. Alikuwa na neno jingine, na Nidhi alimjua. Akikuna kidevu kuna neno.

"Mama Neel, hii udongo ya kwa ukuta inanuka."

"Ni mbolea hiyo."

"Mbolea gani? Mimi sijaweka mbolea tangu mwezi wa kumi."

"Mulwa! Nimekuambia mara ngapi? Maua ya Mungu hayanuswi!"

"Mimi sinusi maua," Mulwa alisema kwa upole. "Nanusa udongo."

Nidhi aligeuka akaenda zake. Alikasirika kweli. Mtu unamlea miaka ishirini na saba, halafu kitu kikikustawia anakitafutia harufu.

Wiki mbili baadaye wakaja wanawake wa kikundi cha wapenda bustani. Kila Februari walizunguka nyumba za wenzao, kutoka Lavington hadi Kileleshwa, wakitazama nani kiangazi kimemwachia nini, na wakirudi nyumbani walisengenyana kwa simu. Nidhi alichoma vijiti vya udi akavichomeka ardhini urefu wote wa ukuta. Kwa nini udi, siku hiyo na mahali hapo? Alijiambia ni kwa baraka. Pia aliwatangazia wageni sharti la kutonusa, nao wakasimama mbali kwa adabu, mikono nyuma, kama watu walio kwenye jumba la makumbusho.

Walipigwa na butwaa. Mmoja alisema dalia zake zilikufa zote. Mwingine alisema ameswali na kufunga lakini kosmosi zimekataa. Balbir ndiye aliyeshangilia kuliko wote. Balbir alikuwa mjane wa Kalasinga, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, aliyehamia ghorofani Kileleshwa na kubakiwa na roshani tu ya kulimia. Alikuwa mtu wa kushika vitu. Alipiga magoti, akaingiza vidole kumi vyote udongoni, akaufinyanga.

"Nidhiben, huu ni udongo au ni halua? Siri yako nini?"

"Mkono tu," Nidhi alisema, akiangusha macho kwa unyenyekevu wa uongo. "Na baraka za Ba."

"Basi nigawie baraka. Ndoo moja, nikaitilie dhania yangu, imedumaa."

Mulwa, aliyekuwa kando na toroli, alifungua mdomo. Nidhi alimkata jicho. Mulwa akaufunga, akachukua beleshi, akajaza ndoo. Balbir aliipakia garini, akajipangusa mikono kwenye mtandio wake wa dupata, akatoa biskuti mkobani akala.

Mambo yalifumuka Jumanne ya wiki ya harusi. Nidhi alikwenda ukutani kuchagua maua ya mashada mawili makubwa. Alivuta pumzi, akaifungia, akaingia katikati ya miche mahali ambapo hakuwa amekanyaga mwezi mzima. Udongo ukaachia chini yake. Mguu wa kulia ulizama, kwanza kifundo, kisha nusu ya muundi, ndani ya kitu cha uvuguvugu.

Pumzi aliyoifunga ilimtoka yote, na iliyofuata ilibidi aivute.

Ulikuwa uvundo wa choo. Si wa mbolea wala wa majani yaliyooza. Ulikuwa wa choo cha watu, mbichi, unaopanda hadi kwenye paji la uso na kukaa hapo. Nidhi alitazama chini. Uji wa kijivu ulikuwa umejaa kwenye shimo la mguu wake. Ndani yake vilielea vipande vya karatasi, na kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, na unywele mrefu, wa mtu asiyemjua, uliokuwa umejizungushia kwenye kidole chake gumba. Aliita jina la Mulwa, akatapika juu ya galgota.

Mulwa alikuja mbio. Alimkamata kwapani akamvuta, ndala ikabaki humo humo. Alimkalisha kwenye ngazi ya jikoni, akaleta maji ya mwisho ya tangi na kipande cha sabuni ya kufulia, akauosha mguu ule kwa mikono yake: mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi katikati ya vidole. Uso wake haukukunjamana hata kidogo. Nidhi alikuwa amemshika bega ili asianguke, na hakukumbuka kama amewahi kumgusa kabla ya siku hiyo.

Kisha Mulwa aliegemeza ngazi ukutani akamwita Mbuthia, kijana msimamizi wa lile jengo. Nidhi alisikia kila neno kutoka pale alipokaa.

"Sasa mzee! Kuna nini?"

"Maji yenu ya choo inaingia kwetu."

"Ah, hiyo tanki? Si ilipasuka kitambo, tangu Novemba. Nimeambia mwenye nyumba mpaka nikachoka. Kwanza alisema tungoje mvua iishe. Mvua ikaisha, sasa anasema tungoje Pasaka."

"Watu wangapi wanakaa huko?"

"Nyumba hamsini na sita, zote zimejaa." Mbuthia alicheka. "Lakini si nyinyi mnaifurahia? Hizo maua zenu ni noma. Sisi huku juu tunapiga nazo selfi kila siku."

Nidhi alikaa pale akifanya hesabu ambayo hakuitaka. Familia hamsini na sita, kila asubuhi, tangu Novemba. Kila ua alilolitazama kwa kiburi, kila picha aliyowatumia wakwe, kila mara aliposema ni Ba. Alijisikia mchafu hadi kwenye meno. Akaichukia ile safu ya ukutani kwa chuki ambayo hajawahi kuwa nayo kwa kitu kinachoota. Maua yalikuwa yamesimama pale pale, manene, yanang'aa kwa shibe.

"Njoo uone kitu, Mama Neel," Mulwa alisema.

Nyuma ya chumba chake alikuwa amepanga mikebe mitupu ya rangi, thelathini na mmoja. Zilikuwa zile galgota za getini. Zilikuwa fupi bado, vijiti vyembamba, lakini kila kimoja kilikuwa kimetoa ua au mawili, madogo kama kifuniko cha soda. Alikuwa akizinyweshea maji ya kuoshea mchele na dengu, yale aliyokuwa akiyaomba jikoni kila siku na Nidhi akampa bila kuuliza ni ya nini.

"Hizi ni safi," Mulwa alisema. "Mashada arobaini haitoshi. Lakini mbili inatosha. Moja ya bwana, moja ya bibi. Hao wengine si wavae tu nguo zao?"

Nidhi aliyatazama. Aliinama, akalishika moja kwa ncha za vidole, na kwa muda mfupi moyo ulimlegea akaona ndivyo itakavyokuwa. Maua haya yalitoka kwenye mkebe ule ule wa Ba. Angetaka nini zaidi?

Simu ikalia. Alikuwa Neel, kutoka ofisini kwake Westlands, sauti imejaa raha. "Mami, Simran ameonyesha shangazi zake zile picha za maua. Wamechanganyikiwa. Wanasema hawajawahi kuona makubwa hivyo. Wanangoja kuyaona kwa macho yao."

Nidhi aliuona ukumbi akilini. Aliwaona wale mashangazi, na wanawake wa kikundi wamepanga safu, wakinyoosha shingo kutazama mashada mawili yaliyokonda kama kamba ya viatu.

"Watayaona," alisema, akakata simu. Halafu, bila kumtazama Mulwa: "Tutachuma ya ukutani. Tutayaosha."

"Mama Neel."

"Ua liko juu, Mulwa, kwenye shina. Halijagusa kitu. Mbona mavi ya ng'ombe tunatia kila mwaka?"

"Ng'ombe ni ng'ombe."

"Hakuna atakayejua."

"Mimi najua," Mulwa alisema.

"Wewe hujui kitu!" Nidhi alipaza sauti. "Wewe ni wa kuchimba. Chimba!"

Mulwa alichukua kopo lake akaendelea kunyweshea mikebe.

Ijumaa mchana Nidhi aliyachuma mwenyewe, kitambaa kimefungwa puani, glavu za kuoshea vyombo hadi viwiko. Mulwa alikuwa amesema anaumwa mgongo. Nidhi alijaza mabeseni manne. Aliyaosha kwa maji, akayaosha tena, kisha akafungua kile kichupa kidogo cha shaba cha maji ya mto Ganga, ambacho Ba alikileta kutoka kuhiji na ambacho hutolewa mtu akizaliwa au akifa, akanyunyizia. Kiliisha chote. Akakaa chini na sindano na uzi, akaanza kutunga. Kila alipopitisha sindano, maji yalichuruzika kutoka katikati ya ua, na kila yalipochuruzika alitazama ukutani kwanza ili asitazame vidole vyake.

Alikuwa amefika shada la ishirini aliposikia kicheko getini. Balbir akaingia na chupa ya kioo iliyojaa kitu cha kijani.

"Nidhiben! Hukunidanganya! Dhania imechipuka kama ina wazimu. Ule udongo wako, wallahi, ningeweza kuula mkavu. Nimekusagia chatini ya harusi. Fungua mdomo."

"Nimeshiba, Balbir-ji."

"Umeshiba nini? Kijiko kimoja. Usinivunje moyo."

Nidhi aliitazama ile chatini. Ilikuwa na pilipili, ndimu, na vipande vya majani visivyosagika vizuri. Angeweza kusema pale pale: Balbir-ji, mwaga hiyo, mwaga dhania, mwaga na udongo, nimekosa. Lakini kusema la dhania ni kusema la ukuta, na kusema la ukuta ni kusema la haya mabeseni. Balbir alikuwa amekwisha kunyoosha kijiko.

Alifungua mdomo. Alitafuna, kwa kuwa Balbir alikuwa anamtazama, na akameza, kwa kuwa Balbir alikuwa bado anamtazama. Ilikuwa tamu, na utamu huo ulimchukiza kuliko yote.

"Ehee?" Balbir aliuliza.

"Nzuri sana," Nidhi alisema, akatabasamu na jani la dhania kwenye jino.

Balbir alipoondoka, Nidhi alikimbilia chooni akaingiza kidole kooni. Chupa aliimwaga kwenye sinki. Kumpigia simu Balbir akamwambia asile nyingine, hakumpigia.

Harusi ilifana. Mashada yaliwafanya watu wanyanyuke kwenye viti. Mashangazi wa Simran walipiga picha nguzo, milango, hata kiti cha kuhani. Neel na Simran walivishana yale makubwa, yakawafika magotini, na ukumbi ukapiga makofi. Nidhi alisimama kando ya mwanawe akiwa na sari ya hariri, na muda wote aliona tone moja tu la maji lililokuwa likiteremka kutoka kwenye shada hadi kwenye ukosi mweupe wa Neel. Alipopewa chakula hakula. Kila aliyemkumbatia, yeye alimshika kwa ncha za vidole tu.

"Mami," Neel alimnong'oneza, "asubuhi nimepita kumwinamia Ba. Mbona picha yake haina maua?"

"Nimesahau," Nidhi alisema.

Hakusahau. Alfajiri alisimama mbele ya picha ile na shada mkononi, akanyanyua mikono, akashindwa. Alichomvika mwanawe hakuthubutu kumvika Ba, na Ba ni picha tu.

Kulikuwa na desturi ya mwisho. Baada ya ndoa kufungwa, mama wa bwana harusi huchomoa maua machache kutoka kwenye mashada akawagawia watu wa nyumbani, na wafanyakazi wakiwamo. Kwenye harusi ya binti, Mulwa alilipokea lake kwa mikono miwili, akalifunga kwenye leso, akampelekea Nzisa, ambaye inasemekana analo hadi leo ndani ya Biblia. Sasa alikuwa amesimama karibu na mlango, koti limepigwa pasi. Nidhi alimfikia na ua mkononi, kubwa, rangi ya chungwa.

Mulwa aliweka mikono nyuma.

"Mpe mwingine, Mama Neel," alisema polepole, asisikike.

Simran alidhani mzee anaona haya. Alicheka, akalichukua lile ua kutoka mkononi mwa mama mkwe wake, akalichomeka kwenye nywele zake, karibu na sikio. Nidhi alisimama akimtazama, na kinyaa kilichompanda safari hii hakikuwa cha ua, wala cha wapangaji wa ghorofani. Kilikuwa chake mwenyewe, na hakuna kiwiko cha kukisukumia.

Jumatatu saa nne alipika chai mwenyewe, akatia tangawizi na iliki. Alifungua kabati la vioo, akatoa kikombe cha kauri chenye ukingo wa dhahabu, kile cha wageni. Alikiosha, akakijaza, akakibeba kwa mikono miwili hadi nyuma.

Mulwa alikuwa kwenye mikebe yake. Alikuwa amekwisha kung'oa galgota zote za ukutani bila kuambiwa, na zilikuwa rundo moja kando ya shimo la takataka, zimeanza kunyauka.

"Nimekuja kuomba maua, Mulwa," Nidhi alisema. "Ya kumvika Ba."

Mulwa aliinuka. Alitoa kisu kidogo mfukoni, akavuta pumzi akaifungia kifuani kama Ba alivyomfundisha, akakata ua moja moja kutoka mikebe yote thelathini na mmoja, hakubakiza hata moja. Akarudi nyuma hatua tano, akapumua. Aliyaweka kwenye ncha ya sari ya Nidhi.

"Chukua yote. Hizi ni safi."

Machozi yalimlenga Nidhi. "Na hii chai ni yako," alisema, akanyoosha kikombe.

Mulwa alikitazama kile kikombe. Hakuwa na hasira. Alikitazama kama mtu anayetazama chakula cha watu ambao hajui jikoni mwao mna nini.

"Asante, Mama Neel. Nitakunywa na yangu."

"Hiki ni kisafi, Mulwa. Nimekiosha mwenyewe."

"Najua umeosha."

Alikwenda mlangoni pa jikoni, akatoa kikombe cha bati msumarini, akakisuuza kwa maji kidogo ya ndoo, akarudi nacho. Alisimama mbele yake, akakishika chini, usawa wa kiuno.

"Mwaga kutoka juu, Mama," alisema. "Visigusane."

Nidhi akainua mkono, akamimina.